Herufi Moja Katika Tovuti ya Shangazi

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mimi ndiye yule bwana aliyeipa Februari siku thelathini.

Kalenda elfu nane. Karatasi ya kung'aa, rangi nne, jina la kampuni ya bima juu kabisa. Meneja wa kiwanda cha uchapaji alinikabidhi boksi la vitu vyangu, akanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na kwa heshima zote akanitakia Februari njema. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, mimi nikiwa barabarani na kikombe changu cha chai kikining'inia kidoleni.

Haya, endelea kunicheka.

Mtu akifukuzwa kazi ana njia mbili: akubali kwamba hana kazi, au ajipe cheo. Mimi nilijipa cheo. Kufika Jumamosi nilikuwa na kadi zilizoandikwa "Mshauri wa Mwonekano wa Biashara Mtandaoni."

Mke wangu ni muuguzi, hana muda wa maneno marefu. Aliishika kadi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Mshauri wa nini?"

"Wa tovuti. Ninazitengeneza."

"Umeshatengeneza ngapi?"

"Soko ndiyo kwanza linafunguka."

"Kwa hiyo hata moja."

Mtu aliyezoea kuchoma sindano huwa hangoji kuambiwa kama imeuma.

Lakini ndiye huyohuyo aliyeninusuru. Alimpigia simu shangazi yake, dada wa baba yake, akamwambia kwamba mumewe amepata "kazi mpya ya kompyuta" na anatafuta wa kuanza naye. Shangazi hakujua kwamba mimi mwenyewe ndiyo kwanza naanza.

Shangazi ana duka la miwani, vyumba viwili, kati ya fundi viatu na muuza vitambaa. Chumba cha mbele kina fremu na benchi la wateja. Cha nyuma kina kiti cha kupimia macho. Kwenye kona, nyuma ya pazia, kuna Fundi, mzee anayekata lenzi kwa mashine inayolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Wamekuwa pamoja pale miaka ishirini na sita.

Miezi saba iliyopita lilifunguliwa duka jingine mtaa wa pili, la vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Wateja wakaanza kupita kwa Shangazi wakisalimia tu, kama wapita njia.

Kisha likaja tumaini. Kampuni ya mabasi ilikuwa inatafuta duka la kupima macho ya madereva wake wote, mia mbili na kumi na wanne, kila mwaka. Shangazi aliijaza fomu ya maombi mwanzo hadi mwisho, akabaki anakikodolea kisanduku kimoja: "Anwani ya tovuti."

"Mkwe wangu," aliniambia, "nikiipata kazi hii, mwakani nipo. Nikiikosa, Fundi anakwenda kupumzika kwao na mimi nakiuza hiki kiti."

"Shangazi, umefika."

"Sijafika popote. Sikiliza."

Alichukua karatasi ya vipimo, akaigeuza, akaandika kwa kalamu nyekundu mambo matano: jina la duka, tunachofanya, namba ya simu, saa za kufungua, jinsi ya kufika. Chini akaongeza: HERUFI ZIWE KUBWA.

"Wateja wangu hawaoni vizuri," alisema. "Ndiyo maana ni wateja wangu."

Sentensi ile ilikuwa na akili yote ya biashara unayoweza kufundishwa kwa miaka minne. Mimi niliitikia, nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali, nikaisahau.

Maana mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimetazama video arobaini kuhusu mitindo ya kisasa ya tovuti za biashara, na zote ziliimba wimbo mmoja. Usiujaze ukurasa, uache upumue. Herufi ziwe nyembamba, za kijivu, zisimpigie mgeni kelele. Menyu ifichwe nyuma ya vimistari vitatu. Picha ziteleze zikitokea pembeni mgeni anaposhusha ukurasa. Weka roboti ya mazungumzo kwenye kona, iwajibu watu hata ukiwa umelala. Na achana na picha za kununua za watu wanaocheka meno thelathini na mbili. Weka sura ya mwenye duka mwenyewe.

Nikafanya yote. Ukurasa niliuacha upumue mpaka ukawa kama uwanja wa mpira siku isiyo na mechi. Menyu niliificha hata mimi nikawa naitafuta. Picha ziliteleza kama zimepakwa sabuni. Katikati nikaiweka sura ya Shangazi, picha aliyopigwa na mke wangu akiwa ameegemea kaunta, kichwa kimeinama kidogo, anatabasamu. Chini yake nikaandika maneno niliyoyatungia siku nzima: Umri si kikwazo. Njoo kwetu, uone upya.

Au hivyo ndivyo vidole vyangu vilivyonihakikishia.

Nakiri na jingine. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimekuza kila kitu mara mbili, na simu nilikuwa naisoma mkono nimeunyoosha kama mtu anayeng'ang'aniwa na mbwa. Nina miaka arobaini na minne. Nilidhani siku hizi simu zinatengenezwa vibaya.

Tovuti ilikwenda hewani Jumatatu. Jumanne asubuhi roboti ikakwama. Ilipokwama, maswali ya wageni yakawa yanakuja moja kwa moja kwenye simu yangu.

Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia maji, jua la saa tano likipiga kwenye kioo cha simu, uliponifikia ujumbe wa kwanza. Nilinyoosha mkono, nikakunja uso, nikasoma: "Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Huyu mama wa kwenye picha, naweza kuja nimwone?"

Mteja! Wa kwanza! Niliruka hata mama aliyekuwa mbele yangu akakumbatia mkoba wake.

Nikajibu kwa ukarimu wote niliojaliwa: "Karibu sana mzee wetu. Mama anakusubiri kwa hamu kubwa. Njoo Ijumaa saa nne na nusu asubuhi. Kama una cheti cha zamani, njoo nacho."

Cheti cha zamani, kwa wasiovaa miwani, ni ile karatasi ya vipimo ulivyopimwa mara ya mwisho. Wapimaji hupenda kuiona.

Mzee akajibu: "Nashukuru. Sikutegemea mambo yangekuwa rahisi hivi."

Nikajipongeza. Hiyo ndiyo maana ya tovuti ya kisasa, nikasema, inarahisisha.

Jumatano Shangazi akaniita dukani. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya upole, na upole wa Shangazi ni wa kuogopwa.

Nilimkuta kaunta, Fundi pembeni yake, na benchini mwalimu mstaafu wa kike akisubiri miwani yake ikazwe skrubu. Shangazi alikuwa ameishika simu yake usawa wa pua.

"Mkwe, iko wapi?"

"Hiyo hapo, Shangazi."

"Naona karatasi nyeupe."

"Labda haijawaka," alisema Fundi.

"Imewaka. Ni muundo. Inapumua."

"Inapumua," Shangazi alirudia taratibu. "Na namba ya simu iko wapi?"

"Bonyeza vile vimistari vitatu juu."

"Vipi?"

"Hivyo, kwenye kona."

Shangazi alichukua kitambaa cha kufutia lenzi, akaisugua ile kona mara tatu. "Nilidhani ni uchafu."

Mwalimu mstaafu akaomba naye aone. Akashusha ukurasa kwa kidole. Fremu zikateleza kutoka kulia, sura ya Shangazi ikateleza kutoka kushoto, mwalimu akashika ukingo wa benchi.

"Mwanangu, isimamishe. Kichwa kinazunguka."

"Ikifika chini inasimama yenyewe, mwalimu."

"Mimi ndiye nitafika chini kabla yake."

Shangazi aliiweka simu juu ya kaunta kama anaweka yai. "Hayo tuyaache. Nina swali moja. Tangu juzi wanaume watatu wamenipigia simu. Wa kwanza aliuliza masharti. Wa pili aliuliza kama nina watoto, na ni wakubwa kiasi gani. Wa tatu hakuuliza kitu, alikohoa akakata. Kwenye hiyo tovuti umeandika nini?"

"Nimeandika maneno mazuri tu, Shangazi."

"Fundi, hebu soma."

Fundi alitoa ile lenzi ya mkononi anayochunguzia mikwaruzo, akaibana jichoni, akaiinamia simu. Alisoma kama mtoto wa darasa la pili, neno kwa neno.

"Umri... si... kikwazo. Njoo... kwetu..." Akaisogeza lenzi. Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, akarudi kwenye simu.

"Malizia," alisema Shangazi.

"Njoo kwetu, uoe upya."

Mwalimu mstaafu alishindwa kujizuia, akageukia ukutani mabega yakimtetemeka.

"Uone!" nilipiga kelele. "Ni uone! Na sura ya Shangazi iko pale juu kwa sababu..."

"Kwa sababu ndiye anayeolewa," alisema Fundi.

Nikamnyang'anya simu. Nikainyoosha mbali. Nikaona "uone". Nikaisogeza karibu. Nikaona ukungu.

Shangazi alikuwa ananitazama mkono. Hakuwa anaitazama simu tena, alikuwa anautazama mkono wangu ulivyonyooka.

"Ingia ndani," alisema.

Alinikalisha kwenye kiti cha kupimia. Akanivika fremu ile nzito ya majaribio isiyo na lenzi, akanipa karatasi mkononi.

"Nimeuchapisha ukurasa wako kwenye karatasi. Nisomee."

Nilijua kila neno la ukurasa ule, nilikuwa nimeutunga mwenyewe. Basi nikasoma kwa sauti ya kutangaza habari: "Umri si kikwazo. Njoo kwetu, uone upya. Huduma bora, bei nafuu, tabasamu la..."

"Endelea."

"...tabasamu la kweli."

"Mkwe," alisema Shangazi, "hiyo ni karatasi ya dawa ya matone. Inasema usiweke zaidi ya mara nne kwa siku."

Nje ya pazia mashine ya Fundi ilisimama ghafla. Nadhani alikuwa ameiegemea kwa kicheko.

Shangazi hakucheka. Alitia lenzi moja, akatoa, akatia nyingine. "Hii na hii, ipi bora?" Alipofika lenzi ya namba mbili, herufi za karatasi ile ziliinuka zikasimama wima mbele yangu kama askari walioitwa kwa filimbi. Niliona mpaka jina la kiwanda, kule chini kabisa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Unajua."

"Kama miaka mitatu."

"Na ukakaa kimya."

"Miwani inazeesha, Shangazi."

Mwanamke aliyeishi kwa kuuza miwani miaka ishirini na sita, anaambiwa hivyo na mkwewe, ndani ya duka lake, kwenye kiti chake. Nikatamani kile kiti kinimeze nikiwa juu yake.

Miwani iliyokuwa tayari ya namba ile ilikuwa moja tu: ya zambarau, ya kike, yenye vijiwe vinavyong'aa pembeni. Mwenyewe alihama mji hakuifuata. Nilitoka nayo usoni. Fundi viatu wa jirani aliniona akapiga kidole chake nyundo.

Nyumbani mke wangu alinifungulia mlango, akaniangalia, akaegemea ukuta.

"Hatimaye," alisema. Kisha, "Lakini si hiyo."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye "uoe upya" aliketi sakafuni, akiwa bado na sare yake ya kazi, akalia machozi ya kucheka. Halafu akafuta machozi.

"Yule wa kampuni ya mabasi anakuja lini kulikagua duka?"

"Ijumaa saa nne."

"Na leo ni Jumatano."

"Najua."

"Shangazi alinilipia chuo," alisema. Akanyanyuka, akaenda kuchemsha chai.

Alikuwa hajawahi kuniambia. Kwa mara ya kwanza tangu mkasa huu uanze, sikuona cha kuchekesha.

Niliitafuta ile karatasi ya kalamu nyekundu. Ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali. Bado ilisomeka. Nikaufuta uwanja wangu mweupe wote, nikaizima roboti, nikaandika mambo matano, kwa herufi nyeusi, kubwa, jina juu na namba ya simu chini yake. Mke wangu akasimama mwisho wa chumba nikiwa nimemnyanyulia simu, akasoma yote bila kukunja uso. Sura ya Shangazi nikaiacha, lakini ndogo, na maneno chini yake yalikuwa mawili tu: "Mpimaji wetu."

Alhamisi nikawapigia wale wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, nikaomba radhi. Wa pili alikasirika, alisema alikuwa ameshawaambia watoto.

Mzee wa Jumanne sikumpigia. Kwa nini nimpigie? Yeye alikuwa mgonjwa wa macho, tena mwenye adabu. Nikamwandika kwenye daftari la miadi kwa mwandiko mzuri, nikamwambia Shangazi, "Ijumaa saa nne na nusu una mgonjwa wa kweli, kaja kwa tovuti."

"Angalau mmoja," alisema Shangazi.

Ijumaa saa nne kamili akaingia mama wa kampuni ya mabasi. Meneja wa wafanyakazi, viatu vya chini, faili kwapani, uso wa mtu aliyesikia visingizio vyote vya madereva wote duniani. Aliketi kwenye kiti, akapimwa mwenyewe. Alikagua mashine. Alimuuliza Fundi maswali saba na Fundi akajibu sita, la saba akasema halijui. Meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu.

"Nimepitia tovuti tisa wiki hii," alisema tukiwa tumerudi kaunta. "Moja ilinipigia muziki ofisini. Nyingine ilinikimbiza na kidirisha cha kuniuliza jina. Hii yenu nilipoifungua Jumatatu nilikuwa nimeitupa, niliona nyeupe tupu. Jana nimeirudia. Namba ya simu nimeiona kabla sijaketi. Nani amewatengenezea?"

Shangazi alininyooshea kidevu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, vijiwe vya miwani vikimeremeta.

"Kazi nzuri," alisema meneja, akijitahidi kuniangalia shingoni.

Akafungua faili. Akatoa mkataba. Akafungua kalamu.

"Hodi."

Mlangoni alisimama mzee mrefu wa koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Viatu vinang'aa. Kofia ameishika kifuani, na chini ya kofia bahasha ya kaki.

"Karibu mzee wetu!" nikamrukia. "Mgonjwa wetu wa tovuti, mama. Amewahi dakika tano. Mzee, umekuja na cheti?"

"Nimekuja navyo vyote viwili," alisema.

Kalamu ya meneja ilibaki hewani.

"Baba?"

"Aa," alisema mzee. "Kumbe na wewe upo."

"Umefuata nini huku?"

"Nina miadi. Uliiacha kompyuta wazi mezani Jumatatu, nikasoma. Sikuona sababu ya kukusumbua."

"Baba, macho yanakusumbua na hukuniambia?"

"Macho yangu mazima. Juzi nimetunga uzi kwenye sindano mbele yako."

Alisogea kaunta, akafungua bahasha, akavitandaza vyeti viwili mbele ya Shangazi, akavinyoosha kwa kiganja. Cha kwanza kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo. Niliinama kukisoma. Kilikuwa cheti cha ndoa. Cha pili kilikuwa cheti cha kifo.

"Niliambiwa nije na cha zamani," mzee alimwambia Shangazi, na sauti yake ilishuka. "Nikaona nisikufiche na hiki, ujue sina ninayemwacha nyumbani. Ni miaka tisa sasa."

Fundi alichungulia kutoka nyuma ya pazia.

"Samahani," alisema Shangazi. "Nani alikwambia uje?"

Mzee alitoa simu yake, akaifungua, akamsogezea. Nikachungulia na mimi kwa namba mbili zangu mpya. Na hapo, msomaji, nikausoma ujumbe wa Jumanne kama ulivyoandikwa: "Huyu mama wa kwenye picha, naweza kuja nimwoe?"

Nimwoe. Hapakuwa na herufi yoyote katikati. Chini yake, jibu: Karibu sana mzee wetu. Mama anakusubiri kwa hamu kubwa.

Shangazi alisoma mara moja. Akasoma tena.

"Hamu kubwa," alisema. "Ameandika nani?"

Mtu hupewa sekunde mbili za kuwa muungwana. Mimi nilizitumia hivi:

"Roboti, Shangazi."

"Roboti si ulisema ilikwama Jumanne?" alisema Fundi kutoka nyuma ya pazia.

Mungu amlipe Fundi anavyostahili.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ameandika nimwone. Sikuwa naona. Mzee, nisamehe. Mama meneja, nisamehe. Shangazi hajui lolote, hakumwita mtu, hana hamu na..."

"Nyamaza," alisema Shangazi.

Mzee alikuwa ameanza kuvikusanya vyeti vyake, polepole, bila kumtazama mtu. Kile kilichochakaa kiligoma kuingia kwenye bahasha. Alikijaribu mara mbili. Mabega yake yalikuwa yameinama kama ya mtu aliyepigwa mbele ya watoto, na mimi ndiye niliyempiga.

"Baba, twende," alisema binti yake kwa upole.

"Haendi," alisema Shangazi.

Alizunguka kaunta, akakichukua kile cheti mkononi mwa mzee, akakikunja kwa mikunjo yake ya zamani, kikaingia.

"Kwenye daftari langu mzee ana miadi ya saa nne na nusu. Miadi ya duka hili sijawahi kuivunja. Mzee, pita ndani."

Mzee alitangulia. Shangazi akamfuata, akafunga mlango wa chumba cha kupimia, ambao tangu niujue haujawahi kufungwa wakati wa kazi.

Tukabaki watatu, na mkataba juu ya kaunta, na kalamu bila kifuniko.

Dakika tano. Dakika kumi. Fundi alitoka nyuma ya pazia akafagia mahali palipokuwa safi. Sauti za ndani zilikuwa za chini, ya mzee kwanza, kisha ya Shangazi, kisha ya mzee tena kwa muda mrefu. Halafu pakatoka kicheko cha mwanamke, cha kifuani, kimoja tu, kikakatwa haraka kama kilichomponyoka.

Fundi akasimama na fagio lake. "Tangu amzike mumewe," alisema, "hicho sijakisikia."

Mama meneja aliifunika kalamu kwa kifuniko chake. Alifanya hivyo taratibu sana, kisha akanigeukia, na safari hii alinitazama usoni, miwani na vijiwe na yote.

"Nakueleza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyetufikisha hapa," alisema. "Kwa kanuni za kampuni, siwezi kumpa kazi mtu wa familia yangu. Akimkubali baba, sitaweza kusaini."

"Na akimkataa?"

Alitazama mlango uliofungwa.

"Baba amepiga pasi koti lile tangu jana mchana. Amenyoa. Amekwenda makaburini asubuhi na mapema, nilidhani ni ziara ya kawaida tu. Akimkataa, sijui kama mkono wangu utakubali kusaini."

Mia mbili na kumi na wanne. Kiti cha kupimia. Fundi na fagio lake.

Kitasa kikazunguka. Shangazi akatoka peke yake, akauvuta mlango nyuma yake bila kuufunga sawasawa. Alimtazama meneja. Akautazama mkataba. Kisha akavuta kiti, akaketi mkabala naye, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Mwanangu," akamwambia, "kabla sijamjibu baba yako, nina jambo moja la kukuuliza kuhusu mama yako."